Nilivyochagua risasi ya .300 kwa ajili ya pilau la harusi ya mdogo wangu (Joburg, 2017)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Miaka yote humu mimi ni msomaji wa kimya. Leo nimeona nitoe na langu. Yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje, na mtakapocheka mjue na mimi nilicheka.

Kabla hamjauliza: ndiyo, ni mwanamke. Mzaliwa wa Tanga, naishi Bertrams hapa Johannesburg, na kazi yangu ni kujaza risasi.

Msikimbie, kazi ni halali. Kuna duka la bunduki za kuwindia, na nyuma ya duka kuna chumba chenye meza, mizani ndogo na mimi. Wawindaji wanaleta maganda waliyokwisha kuyatumia. Nayasafisha, natia fataki mpya, napima baruti, naweka kichwa cha risasi, mtu anachukua boksi lake anaondoka. Huku wanaita reloading. Nilianza pale kwa kufagia, mwenye duka akaona mkono wangu hautetemeki, akanikalisha mezani.

Mwenye duka tunamwita Oom. Ndivyo Waafrikana wanavyowaita wanaume wa makamo, kama sisi tunavyosema ami. Mzee mkali, lakini chai yangu anaitengeneza yeye.

Sasa twende 2017.

Mdogo wangu Shabani, kinyozi pale Hillbrow, akapata mchumba. Binti mzuri, familia ya heshima. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe, furaha ikanipanda kichwani, nikasikia mdomo wangu unatangaza mbele ya watu kwamba pilau la harusi litakuwa la nyama ya swala.

Kwa nini swala? Sijui, wakuu. Hakuna aliyeniuliza. Mbuzi wapo tele.

Shangazi yetu Mwanaidi, aliyetulea baada ya mama kufariki, alikuwa anakuja kutoka Tanga kusimamia jiko. Alipopata habari akapiga simu palepale. Akasema nyama ya porini sawa, lakini mnyama achinjwe angali hai, na achinje Mwislamu. Vinginevyo sufuria lake haliguswi, na wakwe ataenda kuwaambia mwenyewe.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaanza kutafuta swala.

Bahati ikaja kwa mlango wa nyuma. Oom alikuwa ametoka kufanyiwa operation ya bega. Bunduki yake kubwa inapiga teke kama punda na daktari ameikataza kabisa. Iliyobaki ni semi-auto moja, zile zinazojipakia risasi zenyewe, fupi, nyepesi, ya risasi ndogo za .223, ambayo alikuwa akiitumia kwa mbweha tu. Msimu wa kuwinda unakaribia na mzee amenuna duka zima.

Asubuhi moja akaiweka mezani kwangu. Akaniambia unawajazia watu wote risasi, haya nichagulie na mimi. Bunduki hii hii, risasi nyingine, ya swala pala. Ukichagua vizuri, swala mmoja ni wako.

Siku ile nilitoka kazini naimba. Kwenye robot ya kwanza, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, watu wakaniangalia, nikawapungia mkono.

Sasa wale wa jukwaa la silaha sogeeni, hapa ndipo penu. Wengine vumilieni kidogo.

.223 ni kichwa kidogo kinachoishi kwa mbio zake. Kwenye mtutu mfupi mbio zinapungua. Na tulizokuwa nazo dukani, za mbweha, zinapasukia juujuu, nyama ya bega inageuka uji. Haraka haraka haina baraka.

Ile ya AK, 7.62x39, nzito na nzuri kwa karibu. Lakini ubadilishe mtutu, ubadilishe bolt, lile komeo la nyuma ya mtutu, ubadilishe magazini. Hapo umenunua bunduki nyingine.

Ikabaki .300 Blackout. Kichwa kizito zaidi, baruti yake inamalizika kuungua ndani ya mtutu mfupi, na unachobadilisha ni mtutu peke yake. Bolt ileile, magazini ileile. Teke lake la kistaarabu, bega la mzee litapona.

Oom akashughulikia kibali cha mtutu mpya, tukasubiri wee. Kilipotoka tukaenda range, uwanja wa kulengea shabaha, tukapanga marundo ya magazeti yaliyoloweshwa maji, akapiga kwa mtutu wa zamani, kisha kwa mpya. Kichwa cha .223 tulikiokota vipande vipande karibu na juu. Cha .300 tulikikuta ndani kabisa, kimefunguka, kizima. Nilirukaruka kama mtoto wa chekechea, Oom akajifanya haoni.

Angalizo moja la maana: risasi hizi mbili zinaingia magazini moja, na .300 ikipenyezwa kwenye mtutu wa .223, bunduki inaweza kupasuka usoni mwako. Mimi kila ya .300 niliipaka rangi ya kucha nyekundu kwenye kitako. Oom hakupenda. Nikamwambia achague kati ya kuona haya na kukosa jicho.

Tukabishana jambo moja tu, nalo kubwa. Oom anataka swala aanguke papo hapo, asiteseke. Mimi nataka pumzi chache zibaki, kisu kifike. Nikamweleza habari ya Shangazi na sufuria. Akafikiri sana, akasema basi tunapiga mapafu, hatuzidi hatua themanini, na huyo mdogo wako awe na mbio.

Shabani akaapa ana mbio.

Julai, shamba moja Limpopo, baridi ya kukata masikio. Tumeacha bakkie, yaani pikapu ya Oom, tunanyata watatu: Oom na bunduki, Shabani na kisu, mimi nyuma na moyo wangu. Bwana harusi kavaa raba nyeupe.

Swala dume, peke yake, ubavu wote kwetu. Oom akapiga moja tu. Yule mnyama akaruka, akakimbia kama hatua thelathini, akakaa chini, kichwa juu.

Nikamwambia Shabani kimbia. Akakimbia kweli, moja kwa moja hadi kwenye mti wa miiba iliyopinda kama ndoano. Wakuu, ile miiba ilimshika suruali, sweta na sikio. Kila akijinasua mguu, inashika mkono.

"Dada, chukua kisu," akasema.

Nikachukua, nikakimbia. Nikafika. Swala anapumua, ananitazama.

Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni nani. Kwetu mwanamke hachinji. Nimekulia kwenye nyumba ambayo kama hakuna mwanamume, tunasimama mlangoni na kuku mkononi kungoja yeyote apite, hata awe mtoto wa miaka kumi. Hakuna aliyewahi kunionyesha palipoandikwa. Ndivyo tulivyokuta.

Nikageuka. Shabani mguu mmoja hewani. Oom amevua kofia, si Mwislamu. Na huku pumzi zinaisha.

Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikachinja. Mkupuo mmoja. Damu ikatoka, mguu ukapiga, ukatulia. Mkono haukutetemeka. Nilipomaliza ndipo nikalia, halafu nikamwona mdogo wangu anakuja na raba moja, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Njiani Shabani akanong'ona tuseme kachinja yeye. Sitawadanganya, nilikubali. Nilikuwa naogopa. Shangazi akiikataa nyama ile mbele ya wakwe, uso wangu ningeuweka wapi?

Tukafika Bertrams alasiri. Ua umejaa wanawake wanamenya vitunguu saumu. Nikampa Shangazi shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye shingo ya swala. Akaiangalia sana.

"Nani kachinja?"

Vitunguu vikasimama. Shabani akafungua mdomo, uso mzima mikwaruzo. Nikamtazama mdogo wangu yule, ninayempenda kufa, nikaona akilisema lile neno nitakula pilau la harusi yake na uongo kooni maisha yangu yote.

"Mimi, Shangazi."

Mama mkwe mtarajiwa akaweka kisu chini.

Shangazi akaniuliza kama nilitaja jina la Mungu. Nikasema ndiyo. Kama alikuwa hai. Nikasema alinitazama. Kama nilirudiarudia kisu. Nikasema mara moja. Akainama tena, akaipitisha pale shingoni ncha ya kidole, kama fundi anayekagua mshono wa mwenzake.

Ana miaka sitini na nane, wakuu. Hajachinja hata kuku.

Akajinyoosha, akafunga kanga kiunoni, akawaambia wanawake wabandike sufuria. Halafu akanigeukia.

"Kesho kuna kuku kumi na wawili. Sita wako, sita wangu."

Nilimkumbatia mpaka akaniambia nitamvunja mbavu. Shabani naye akalia, akasingizia vitunguu.

Pilau lililiwa mpaka ukoko. Oom alikaa kwenye mkeka na bega lake, akaongezwa mara tatu.

Nilichojifunza: risasi usichague kwa sifa za mitandaoni, chagua kwa mtutu ulionao, mnyama unayemfuata, na atakayekula. Pia mwindaji asivae raba nyeupe. Na yako mambo tunayangojea mlangoni miaka na miaka na kisu tunacho wenyewe.

Karibuni mchangie. Wa silaha, mwenye risasi ya 6.5 Grendel kwenye mtutu mfupi aje tubishane kwa heshima. Wajuzi wa dini, nirekebisheni taratibu. Na akina dada wa pwani, kwenu ikoje?

Kwa watakaouliza: Shangazi alimaliza sita wake mimi nikiwa kwa wa nne.