Mfereji Uliofungwa Siku ya Maziko

Ipo siku moja ya maziko kule Ganze, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hunishinda. Sikuwa na nia ya kuisimulia. Lakini jana umenijia hapa nyumbani mbio mbio, shikamoo umeitoa ukiwa bado mlangoni, kunambia umepata kazi kwenye kampuni changa ya mitandao huko Kilifi. Nikafurahi, nikakukatia na haluwa. Kisha ukasema, "Shangazi, bosi wetu si kama mabosi wengine. Hataki makuu. Anasema tumwite kwa jina lake tu, pale sote tuko sawa."

Haluwa ikanigeuka shubiri mdomoni, wallahi.

Ndiyo maana leo nimekuita. Hebu kaa. Na hiyo simu iweke chini. Mimi si mkongwe wa kupakatwa, meno yangu ninayo yote isipokuwa lile moja la nyuma, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na huu ulioniletea jana si ung'ongo, mwanangu. Una mkia.

Mimi nilipokuwa kijana nilikuwa na bosi wa namna hiyo hiyo. Jina lake Nabil. Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, hapa hapa Malindi, meza tatu na feni inayolia. Nabil alikuwa mtoto wa mji huu, akaenda kusoma ng'ambo, akarudi na viatu vyeupe na maneno mengi. Alibuni mfereji unaofunguliwa kwa kadi. Mama analipa kwa simu yake, anagusisha kadi, maji yanatoka. Nitasema haki, jambo lenyewe lilikuwa jema. Wewe hujui taabu ya kibanda cha maji chenye mwenye ufunguo. Akiamka na hasira zake, kijiji kizima hakioshi uso. Nililipenda jambo lile kwa moyo wangu wote, na ndiyo maana uchungu wake haujanitoka.

Alinichukua kwa sababu mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mgiriama wa Ganze. Kigiriama nakijua, na kukaa na wazee najua. Cheo nilichopewa kilikuwa kirefu kuliko leso: mratibu wa shughuli za mashinani. Siku ya kwanza nikampa Nabil shikamoo ya heshima ya kazi, ingawa tulikuwa rika. Akacheka sana. "Hapa hakuna mkubwa wala mdogo, sisi ni jamaa moja." Mlinzi wetu alikuwa Mzee Charo, makamo ya baba yake Nabil, na yule kijana alikuwa akimwita "Charo!" kama anayemwita paka. Nikajiambia labda ndiyo usasa.

Basi tukafanya kazi kwenye huo usawa. Jumatatu sisi ni watu wa mifereji, Alhamisi sisi ni watu wa mita, wiki inayofuata ati sisi si watu wa maji tena kabisa, sisi ni watu wa takwimu. Ukiuliza swali mkutanoni, huna imani. Ukinyamaza, huchangii. Jambo likienda sawa, ni maono yake. Likiharibika, "tumekosea wapi jamani?" Tumekosea! Yeye kwenye kukosea ndipo alipokuwa mwingi wa ujamaa.

Ikafika siku ya kumpeleka Ganze. Nikamtangulia kwa mjomba Karisa, kaka yake mama, mzee wa mji ule. Wazee wakakaa, mgeni akapewa kiti, mkaza mjomba Kadzo akaleta maji kwenye kata. Nabil akayatazama, akasema hana kiu. Nikaona aibu, nikayanywa mimi. Alipomaliza kueleza habari za kadi, mjomba akauliza swali moja tu.

"Na mwenyewe wa jambo hili ni nani?"

Nabil akacheka kicheko kile kile. "Mzee, kwetu hakuna mwenyewe. Sote ni kitu kimoja."

Mjomba akanitazama mimi. "Haya. Mimi huyu simjui, lakini namjua mtoto wa dada yangu." Wakatupa mahali, penye bomba kubwa la maji lipitapo, na wanawake wakapiga vigelegele. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Ah! Wageni wengine huja mwenyeji augue.

Tulipokuwa tunausimika mfereji, nilimwomba Nabil jambo dogo: abakishe koki moja ya kufungulia kwa mkono, kwa sababu mtandao wa Ganze ni wa kubahatisha, na maji si kitu cha kubahatisha. Akanijibu mbele ya mafundi, "Hizo ni fikra za zamani, bi mratibu. Koki ya mkono ni kukiri kuwa tumeshindwa." Koki ikang'olewa. Tangu hapo, hata uwe na kadi, mfereji ule ulikuwa unafunguka na kufungwa kwa amri ya kompyuta na simu yake tu, popote alipo.

Na nisiseme uongo, miezi ya mwanzo maji yalitoka. Mkaza mjomba Kadzo alikuwa akiifunga kadi yake kwenye pindo la leso kama hirizi. Nilipopita njiani wanawake walikuwa wakiniita, "Mama maji!" Raha ya jina lile, mwanangu, sijaipata tena.

Kisha nyanya yangu akafariki. Mama yake mama, mama yake mjomba Karisa, mwanamke aliyebeba maji kichwani umri wake wote mpaka utosi ukaota upara. Maziko ya watu wa bara yetu unayajua: watu hutoka Marafa, hutoka Malindi, hutoka Kilifi, uwanja ukajaa. Nikamwendea Nabil kuomba ruhusa. Akaniambia siku hiyo hiyo wafadhili wake wanakuja, amewakodia ukumbi hotelini Kilifi. Akanipa ruhusa shingo upande. Nikamwambia, na nilimwambia nikiwa nimemtazama machoni, "Nabil, siku hiyo mfereji wa Ganze usiuguse. Kuna maziko ya nyanya yangu, watu watakuwa wengi."

"Nimekusikia," akasema.

Asubuhi ya maziko wanawake walitoka na mitungi kwenda kuteka. Kulikuwa na maji ya kumwoshea marehemu, maji ya kupikia, maji ya watu kunawa. Mkaza mjomba Kadzo akagusisha kadi. Mfereji ukakoroma, ukatema matone, ukanyamaza. Akagusisha tena. Mwingine akajaribu yake. Wote wakageuka kunitazama mimi, Mama maji.

Nikapanda kichuguu kutafuta mtandao, na leso yangu ya msiba, mbele ya watu wazima. Nikapiga, hapokei. Nikapiga, hapokei. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na mitungi imepangwa mstari mpaka njiani. Alipopokea nikasikia nyuma yake watu wanapiga makofi.

"Nabil, fungua maji! Huku kuna maiti haijaoshwa!"

Akanong'ona, kwa hasira. "Usiniharibie siku yangu. Nimeufunga mara moja kuwaonyesha, sasa haufunguki, mtandao umeleta hitilafu. Waambie wasubiri." Akakata.

Waambie wasubiri. Nimwambie nani, marehemu?

Wanawake hawakunigombeza. Laiti wangenigombeza. Walijitwika mitungi wakaenda bwawani, kule ng'ombe wanakonyweshwa, mwendo wa mtu kuchoka, wakarudi na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nyanya yangu aliyeteka maji maisha yake yote alioshwa safari ya mwisho kwa maji yale. Mimi ndiye niliyeshika kata. Nikasita kumimina, na mkaza mjomba Kadzo akanambia polepole, "Mimina tu, mwanangu. Mimina." Sijasamehe. Watu huniambia nisamehe, na mimi huwajibu hamkuyaona maji yale.

Baada ya kuzika, wazee wakakaa. Mjomba Karisa akasema, "Aitwe mwenyewe." Akasema tena. Nikasimama.

"Mjomba, aliyefunga si mimi."

"Najua si wewe."

"Basi mbona unaniita mimi?"

"Kwa sababu wewe unaitika." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Siku ile niliuliza mwenyewe ni nani, akacheka. Ulimsikia, na wewe ukacheka naye kidogo. Mkubwa ni jaa, mpwa wangu. Kila taka hutupwa kwake, naye hupokea. Yule alitaka ukubwa, taka hakuzitaka, na wewe ukatuletea nyumbani mtu asiyekubali kuitwa. Sasa jaa ni wewe. Nenda kamwambie aje. Simtaki mbuzi wake wa faini. Aje akae hapa, anywe maji yetu, aseme pole."

Hayo tu! Aje, anywe maji, aseme pole. Nikashuka Malindi nimeubeba ujumbe ule, na moyoni nilikuwa na tamaa, kwa sababu nilijua watu wangu. Angekuja siku hiyo, mfereji ungetengenezwa, na vigelegele vingerudi.

Nilimkuta ofisini anakunywa soda na wenziwe, wafadhili wamekubali. Nikampa ujumbe wa mjomba. Akasema, "Sisi ni kampuni ya teknolojia, si baraza la wazee." Nikamuuliza kwa nini aliugusa mfereji ule, na nilimwomba kwa kinywa changu. Akanijibu bila hata kuona haya.

"Ndio siku uliyoniambia watu watakuwa wengi. Mifereji mingine ilikuwa haina mtu. Ule wa Ganze ndio uliopendeza kwenye skrini."

Umesikia, mwanangu? Msiba wangu nilimpa kama tahadhari, yeye akaupokea kama mapambo.

Nikamwambia lazima aende Ganze. Hapo akaninyooshea kidole, yule ambaye kwake hakuna mkubwa wala mdogo. "Mratibu wa Ganze ni wewe. Ni jukumu lako. Na kama huna imani na kazi hii, mlango uko wazi." Kumbe vyeo vilikuwapo! Vilikuwa vimefichwa mahali, vinangoja siku ya lawama. Nilichukua mkoba wangu. Mzee Charo peke yake ndiye aliyesimama kunifungulia mlango, akaniambia, "Pole kwa msiba, binti yangu." Katika kampuni nzima, pole niliyoipata ni hiyo.

Mfereji wa Ganze haukutengenezwa. Wanawake waliungoja, wakachoka, na siku moja vijana wakaung'oa wakauza chuma. Wakarudi kwa mwenye ufunguo na hasira zake, na baada yangu kampuni nyingine mbili zilipokwenda pale na mambo mazuri, wazee walikataa hata kuzisikiliza. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi wa kwangu ndio walioshinda na kiu. Kampuni yenyewe ilikufa, watu wakatawanyika. Nabil hakufa njaa, usimwonee huruma. Siku hizi huitwa kwenye kumbi kufundisha vijana uongozi. Nimemwona kwenye simu ya dada yako, viatu vyeupe vile vile, anasema siri ya mafanikio ni unyenyekevu. Niliizima simu ya watu bila ruhusa.

Ganze bado naenda. Mjomba amekwishatangulia mbele ya haki. Mkaza mjomba Kadzo, ambaye sasa haoni vizuri, kila nikifika huniletea maji kwenye kata, na kila mara husema lile lile, akiniita "mwana wetu" kwa Kigiriama: "Kunywa, mwana wehu. Haya hayafungwi na simu." Watu wote hucheka, nami hucheka. Ni utani, na utani wa kwetu hauna nia mbaya. Lakini maji yale huyanywa nimefumba macho.

Sasa nisikilize. Kazi sikukatazi, riziki haikataliwi mlangoni. Wala sisemi bosi akiitwa kwa jina ni mbaya. Jina ni jina. Nasema hivi: kesho ukifika kazini mpe shikamoo, hata kama ni rika lako, utazame anaifanya nini. Mtu akikuitikia marahaba amekubali kuwa mkubwa wako, na mkubwa ana mzigo. Akicheka akasema sote sawa, usibishane naye, lakini ngoja kitu kiharibike. Kitaharibika tu, si kazi ya binadamu? Siku hiyo usisikilize anasema nini kuhusu kesho. Muulize lile swali la mjomba Karisa: mwenyewe ni nani? Akisema "ni mimi," hata kama ni mkali, hata kama mshahara mdogo, kaa naye, utajifunza. Akisema "sote," ondoka mapema, kabla hajakutuma kwa watu wako. Jina lako kwao ni maji, mwanangu, na maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nimejaribu kuyazoa miaka yote hii.

Na usicheke naye. Hata kidogo. Mjomba aliniona.

Haya, inuka, umalize ile haluwa yako ya jana. Mungu akuongoze njia ya kwendea na ya kurudia. Akukutanishe na mkubwa anayeitika akiitwa, na akikunyima huyo, akupe miguu myepesi. Akujaalie siku moja na wewe uitwe mkubwa, na siku hiyo, watu wakiwa wamesimama na mitungi mitupu wanauliza mwenyewe ni nani, akupe sauti ya kusema, "Labeka, ni mimi."