Tasbihi ya Mouhidine

Mouhidine alikuwa mfua bati wa Mutsamudu, hodari wa kutengeneza koroboi kwa makopo matupu, lakini jambo asilolijua lilimwasha kama upupu. Mwaka ule Ali Soilih aliposhika nchi, gari la deraya lilishushwa bandarini, naye akataka kujua: chuma kile kimeshikanaje? Kuuliza hakuthubutu, siku zile mwenye maswali mengi huenda akaulizwa yeye.

Basi kila siku baada ya alasiri alikaa mkabala nalo, tasbihi mkononi, midomo ikichezacheza. Kila punje ilikuwa ribiti moja ya kubana chuma. Askari mlinzi, mtu wa Moroni aliye mbali na kwao, hakumfukuza. Nani amfukuze mzee anayemtaja Mungu?

Akirudi dukani alikata bati na kugonga ribiti ndogo kama ufuta, hadi likatokea gari la kuenea kiganjani, mnara wa bunduki ukizunguka.

Siku moja askari yule aliingia kununua koroboi, akaliona. Akalishika, akahesabu ribiti za ubavu mmoja kwa kidole.

"Zote zipo, mzee," akasema, uso umemshuka. "Nami miezi miwili hii nilidhani unaniombea."