Boga la Mbegu la Kavira

Acha nicheke kwanza, maana najua utakavyonitazama nikimaliza. Mume wangu alinitazama hivyo hivyo, na padri pia. Lakini kidole hiki hakisemi uongo. Kishike, jaribu kukinyoosha. Hakinyooki, sivyo? Basi sikiliza.

Ilikuwa ile miaka ya vita, hapa Butembo. Shamba letu la maharagwe lilikuwa kule Musienene, na nani angethubutu kwenda huko wakati barabara imejaa watu wenye bunduki? Tukawa tunaishi kwa bustani ya nyuma ya nyumba. Niliigawana na jirani yangu Kavira, mjane, bila ua wala mpaka. Mimi nilipanda mboga za lengalenga na vitunguu, yeye maboga. Ah, maboga ya Kavira! Matamu, unga mtupu, hayakutaka hata chumvi. Wanawake wa soko walimbembeleza awape mbegu, akakataa. Alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na alisema zitakwenda kwa binti yake tu.

Katikati ya kiangazi akaondoka kwenda Mangina, kwa huyo binti aliyekuwa karibu kuzaa. Akaniambia, "Haya maboga kula na batoto. Lakini ile kubwa ya pale pembeni, hapana gusa. Ni ya mbegu."

Nikaapa. Kuapa ukiwa umeshiba ni kazi rahisi.

Mwisho wa kiangazi ulitukuta mikono mitupu. Lengalenga zilikauka, vitunguu viliisha, maboga mengine tulishakula yote, na kutoka kwa Kavira hakuna habari. Usiku mmoja watoto wangu watatu walilala wamekunywa maji ya moto tu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo usinihukumu. Kulipopambazuka nilichukua kisu nikaliendea lile boga. Na sikutaka nyama yake peke yake. Nilikuwa nimeshapanga kukaanga mbegu zote, watoto wapate cha kutafuna mchana.

Sasa, kwetu boga halionyeshwi kwa kidole. Litaoza. Unakunja ngumi, unalionyesha kwa ngumi, hata mtoto mdogo anajua. Lakini asubuhi ile nililinyooshea kidole kama ninayegombana na mtu, nikasema, "Leo ni weye."

Mkono ukakishika kidole changu, ukaanza kukikunja.

Alikuwa Kavira! Amesimama kando yangu na kitenge chake cha kijani, miguu ina vumbi mpaka magotini. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilishtuka, nikavuta kwa nguvu, kidole kikalia ka!

"Weye dada," akasema huku akicheka, "boga banaionyeshaka na kidole tangu lini?"

"Kavira! Ulifika saa ngapi?"

"Nimefika tu. Kata, batoto bakule. Lakini mbegu, hapana kukaanga. Panda leo."

"Kupanda, na mvua haiko?"

"Itakuya."

Niliona aibu, na niliona furaha, vyote pamoja. Nikakimbilia ndani kumwashia moto apate maji ya kunawa miguu. Nilipotoka hakukuwa na mtu. Nikamwita kwa jina. Ndipo nikautazama umande. Bustani yote ilikuwa nyeupe, na nyayo zilizopita pale zilikuwa zangu tu, za kwenda na za kurudi. Na ni nani anayetembea kwenye umande miguu yake ikabaki na vumbi kavu?

Niliogopa, sikufichi. Lakini niamini, nilifanya kama alivyosema. Watoto walikula mpaka wakasinzia wamekaa. Mbegu nilizifukia zote, sikubakiza hata moja. Mchana ikanyesha mvua ya kwanza.

Juma lililofuata mtu wa parokia akaleta habari. Kavira hakufika Mangina. Homa ilimshika njiani, akazikwa huko huko, wiki tano kabla ya asubuhi ile. Nilimlilia sana. Nyuma ya nyumba, maboga yake yalikuwa yameshaota.

Yalitambaa mpaka ukutani kwake. Tulikula sisi, wakala majirani, na mwaka ule nikanenepa vita ikiendelea. Barabara ilipofunguka binti yake akaja, mtoto mgongoni. Nyumba ya mama yake haikuwa na mlango wala sufuria, wezi walimaliza. Nikampa mbegu, nimezifunga katika kitambaa. Akakaa chini kwenye matuta, akazinusa, akalia, kisha akacheka kicheko kile kile cha mama yake. Ningekuwa nimezikaanga, ningempa nini?

Kwa hiyo nawe, ukiachiwa boga la mbegu na jirani, kula nyama ukizidiwa, lakini mbegu rudisha udongoni. Lionyeshe kwa ngumi. Na ukiwa bustanini asubuhi ukasikia mkono wa baridi unakushika kidole, usivute. Mwache akikunje taratibu. Mimi nilivuta.