Jina la Baba Ugenini

Juzi, nikiwa kwenye saiba moja mjini Embu, muuza makadamia alikuwa akisajili mtandaoni kampuni ndogo ya kuuzia huko Ureno, mama yake kando. Binti wa kompyuta akauliza jina la kampuni. Mwanamume akataja la marehemu baba yake, vile huku kwetu kifungua mimba hupewa jina la babu.

Mama akamshika mkono. "Na ikifa?"

"Mama, hii ni limited. Ikianguka, wanachukua mali yake tu. Mimi na shamba hawatugusi."

"Wewe utabaki, nimesikia. Baba yako je? Tulimzika hapa nyumbani Manyatta. Sasa unataka azikwe tena kwa watu?"

Binti akaacha kupiga chapa.

"Basi andika langu," mwanamume akasema kwa sauti ndogo.

Mama ndiyo kwanza akaukaza ule mkono, kana kwamba sasa ni mwanawe angezikwa ugenini. Sheria imewekea deni mpaka. Hofu ya mzazi bado. Nilipotoka, nafasi ya jina kwenye skrini ilikuwa bado tupu.