Mbwa Aliyeshiba Hatoki

Mbwa wa kwanza kuingia nyumbani kwetu Gikondo, mjini Kigali, aliingia ndani ya tableti, na hata huyo nilitaka kumfukuza. Mume wangu, dereva wa lori kati ya Kigali na Dar es Salaam, ndiye aliyeileta hiyo tableti kutoka safarini, kioo kimepasuka pembeni, akampa binti yetu wa miaka tisa bila kuniuliza. Wanaume wa barabarani ndivyo walivyo: wanashusha zawadi, wanapakia, wanaondoka, wewe unabaki na matokeo yake. Mtoto akapakua mchezo wa maisha. Humo unajenga nyumba, unaweka watu, unawapikia, unawaogesha, unawatafutia kazi. Nikamwambia, mwanangu, kama una hamu ya kupika na kufua, kazi hizo mimi ninazo tele, njoo nikugawie.

Haukupita muda akatangaza kwamba amechukua mbwa wa kulea. Kuna kituo humo ndani, mbwa wasio na wenyewe wamekaa nyuma ya wavu, unamchagua, unamgusa kwa kidole, anakuwa wako. Alichukua watatu: mmoja wa rangi ya mchanga mwenye sikio lililokatika, mmoja mweusi mwenye manyoya ya kusokoteka, na kijibwa cha madoadoa alichokipa jina la mwalimu wake wa hesabu. Sisi ni Waislamu. Mbwa akilamba chombo chetu tunakiosha mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hilo mtoto analijua tangu madrasa. Nikamuuliza, na hiyo tableti tuisugue kwa udongo? Akanijibu kwamba mbwa hawa hawana mate. Watoto wa siku hizi huwawezi kwa maneno.

Ila kilichonitia wasiwasi hakikuwa mate, alikuwa mama yangu. Mama anaishi nasi. Kitanda chake kiko sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu kisukari kimemmaliza miguu na kulala chumbani peke yake hataki kusikia. Mimi hushona sare za shule barazani, mlango wazi, kwa hiyo tunaonana kutwa. Na mama yangu hapatani na mbwa kabisa. Kigali mbwa si wengi, na watu wa rika lake wakimwona mmoja hubadili njia bila kusema sababu, lakini yeye alizidi. Akisikia mbwa anabweka mtaa wa pili, chai ilimmwagikia mapajani. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Mtu mzima yeyote hapa anajua mbwa walifanya nini mwaka ule wa mauaji ya kimbari, maiti zilipojaa kila mahali na wa kuzika hayupo.

Basi siku mbwa wa rangi ya mchanga alipobweka ndani ya tableti kwa mara ya kwanza, nilitupa mkasi nikakimbilia ndani. Nilimkuta Mama ameketi wima, uso umemkauka, na mtoto ameshazima sauti, anamwomba bibi yake msamaha. Nilikuwa tayari kumpa mtoto haki yake. Lakini Mama aliinua mkono kunizuia, akauliza swali ambalo sikulitegemea: hao mbwa wamekula?

Mtoto akamsogelea akamwonyesha. Kila mbwa ana mistari yake juu ya kichwa, wa njaa, wa usafi, wa furaha. Mstari ukijaa ni kijani, ukishuka unakuwa manjano, kisha mwekundu. Mbwa ambaye mstari wake wa njaa ni mwekundu hutoka nje ya ua, huzurura mitaani, na pengine asirudi tena. Mama alisikiliza kwa makini, kama anavyomsikiliza muuguzi akimweleza dawa. Akamwambia mjukuu wake, "Walishe. Mbwa aliyeshiba hatoki."

Tangu hapo Mama akawa msimamizi. Mtoto akirudi shule, hajavua hata viatu, anaulizwa kama mbwa wamekula. Mtoto akiwa shuleni, zamu ikawa yangu. Mama ananiita niache cherehani, mstari wa mweusi umeanza kupungua. Mimi, mwanamke mzima, rundo la sare linanisubiri, wazazi wananipigia simu, nimekaa kitandani namwagia mbwa chakula kwa kidole! Nilinung'unika, tena kwa sauti, lakini moyo wa kukataa sikuwa nao, maana Mama alikuwa amechangamka. Mbwa wakishiba, naye alikula sahani yake bila kusukumwa. Nikajisemea kwamba uzee ni utoto wa pili, Mama naye amepata wa kuwapenda. Nilifurahi mno, mjinga mimi.

Halafu ikaja Jumamosi moja mchana. Mbwa wote watatu walikuwa wameshiba, mistari imejaa mpaka juu, mtoto amejilaza miguuni mwa bibi yake. Yule wa rangi ya mchanga akaanza kufukua ua nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemtuma, mchezo umetengenezwa hivyo, mbwa anafukua, anapata kitu, anakuletea. Akatoka shimoni na mfupa mdomoni. Akaja nao huku mkia unacheza, akauweka miguuni mwa mwanamke mwenye nyumba wa humo mchezoni, na nyota za zawadi zikamwagika kwenye kioo. Mtoto akashangilia, akaiinua tableti ili bibi naye aone vizuri.

Mama hakupiga kelele. Aliangalia, akageukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Jioni alikataa kula. Asubuhi akakataa. Uji wa mtama alikataa, maziwa ya mgando alikataa, ndizi nilizompikia kwa karanga hakuzigusa. Nilibembeleza, nikagomba, nikalia. Muuguzi wa kituo cha afya, ambaye huja kumwangalia, alinieleza bila kuzunguka: sindano ya kisukari asichomwe kabla hajala, itamwangusha, na akikaa bila sindano, sukari itamuua. Asipokula, hakuna njia ya tatu. Nikaona sasa mama yangu anakufa hivi hivi kwa sababu ya katuni.

Hasira hasara, nilifundishwa, lakini mimi hasara nimezizoea. Niliinyakua tableti ili nikaivunje kwenye ngazi. Mtoto akanikumbatia kiunoni, akang'ang'ania, akauliza mbwa wake amekosa nini. Nikaiweka tableti chini. Nikamkalisha barazani, nikamwambia yale niliyokuwa namficha: kwamba alikuwa na mjomba, kaka yangu mkubwa, aliyeuawa mwaka ule akiwa na umri kama wake, na hatukuupata mwili wake. Mimi wakati ule nilikuwa kichanga, sina ninachokumbuka. Bibi yake, alipokuwa bado na miguu, kila aliposikia mahali wamechimba wakakuta mifupa, alikwenda. Kabuga alikwenda. Gahanga alikwenda, walipokuwa wanachimba misingi ya nyumba mpya. Nguo zikishatolewa ardhini huoshwa na kuanikwa juu ya turubai, na watu hupita wameinama, kila mtu anatafuta ile anayoijua. Bibi alitafuta shati la bluu, mkono mmoja ameutia kiraka mwenyewe. Hakuliona popote. Na kila tulipomuuliza mwanawe aliangukia wapi, jibu lilikuwa moja, hajui.

Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua tableti yake, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Alikwenda moja kwa moja kitandani kwa bibi yake, akalisemesha lile shuka.

"Bibi, ule mfupa nimeuzika. Na mbwa nimewarudisha kituoni wote, hawatafukua tena. Ila sikujua upande wa kibla humo ndani ni upi, nikauelekeza jua linakotokea."

Shuka likasogea. Mama akatoa uso, akaomba kuonyeshwa. Nyuma ya ile nyumba ya mchezo palikuwa na tuta dogo la udongo, jiwe kichwani, ua umezungushwa pande zote, na hapana mbwa hata mmoja. Wale mbwa mtoto aliwapenda, nakuambieni, alikuwa anaota nao. Mama akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo. Kisha akamwagiza mtoto aende dukani akalete sabuni. Sabuni ilikuwepo, na mtoto alijua ipo. Akaenda.

"Najua alipo," Mama akaniambia. "Nimejua siku zote."

Nilimuuliza, karibu kwa ukali, basi huko Kabuga alikwenda kutafuta nini. Akasema alikuwa anaomba pawe na mtu aliyemwokota baadaye akamzika pamoja na wengine. Ndipo akasimulia, sauti ya chini, bila kusimama. Ni hapa hapa Gikondo, nyuma ya ghala, kando ya mfereji. Alimfunika kwa kitenge chake, akakaa naye akisubiri giza ili amfukulie walau shimo. Wakaja mbwa. Walikuwa mbwa wa watu, alisema, mmoja alikuwa bado na mkanda shingoni. Wenyewe walikuwa wameshauawa, hapakuwa na wa kuwapa chakula.

"Niliwatupia mawe mpaka yakaisha. Walivyobweka ndivyo walivyowaita wale wauaji, nikawasikia wanashuka na filimbi zao. Wewe ulikuwa mgongoni, ukaanza kulia. Nikawaachia."

Hakusema alimwacha. Alisema aliwaachia. Nasema kweli yangu: kilichonijia kwanza hakikuwa huruma, kilikuwa aibu, aibu ya kuwa hai na ya kulia siku ile, nikatamani kumwomba msamaha kwa jambo nililolifanya sijaota hata jino. Nilimshika miguu yake isiyosikia tena kitu, nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Yeye hakulia. Alingoja nimalize.

"Mlete," akasema. "Ukimleta nitakula."

Mahali penyewe nilipajua. Sasa hivi pana gereji. Huwa napita hapo nikienda kununua uzi. Mwenye gereji alinisikiliza huku ameshika spana, hakubisha, hakuuliza cheti wala shahidi. Kiongozi wa mtaa aliwapa taarifa wanaohusika, na asubuhi iliyofuata watu walikuja na majembe na sururu, majirani, mafundi, wanawake wa kanisa la jirani na wa msikiti wetu, kama inavyokuwa hapa kwetu habari ya namna hiyo ikijulikana. Mwenye gereji alisogeza magari kwa mikono yake. Saruji iliyolowa oili ikavunjwa, tukachimba. Tukakuta chupa, betri iliyooza, kipande cha bomba, soli ya kiatu cha mtu mzima. Tukapanua kuelekea mferejini, tukashuka mpaka kwenye udongo ambao haujaguswa na mtu. Hakuna kitu. Hata kifungo cha shati hakuna. Kila aliyesimama pale alijua kwa nini. Wanawake walikung'uta magauni yao, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaondoka.

Nilipanda mlima kurudi nyumbani. Nilimkuta Mama ameketi, ameogeshwa, amejitanda mtandio safi. Alikuwa amemtuma mtoto kwenye vitambaa vyangu akachukua kile cheupe cha mashati ya shule, akakikata. Alikuwa amekikunja mapajani, sanda ya kipimo cha mtoto wa miaka tisa.

"Umemleta?"

Nikamwambia hatukumkuta. Uso wake ukaanza kujifunga, mkono ukatafuta shuka, nami nikaona ninavyompoteza. Basi maneno yakanitoka yenyewe. Nikasema mwenye gereji amenieleza kwamba zamani ule mfereji ulikuwa mto mzima, na masika ya mwaka ule ulifurika, ukabeba ukingo wote na vilivyokuwa juu yake, ukavishusha bondeni. Mwenye gereji hakunieleza lolote la namna hiyo. Alihamia Gikondo juzijuzi tu.

"Maji," akasema Mama.

"Maji."

"Si wale."

"Si wale, Mama. Maji yaliwatangulia."

Akanitazama. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kumdanganya mama yangu akadanganyika, hata kwa sukari niliyoiba.

"Apa," akasema.

Kuapa uongo kwa jina la Mungu, tena kwa kukusudia, kila Mwislamu anajua kunampeleka wapi mtu. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, ananiangalia mdomo.

"Wallahi, Mama. Ni maji."

Mama akakitazama kile kitambaa, akakikunjua, akajitandikia kifuani ili uji usimwagikie nguo. Akafungua kinywa. Nikamlisha kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha, kisha nikamchoma sindano yake.