Kiungo Nilichokichomelea Mwenyewe

Enzi zetu pale Tiwi, mtoto aliyetaka gari alilitengeneza. Mbao zilitoka kwenye banda bovu, magurudumu yalikatwa kwenye gogo la mnazi, na grisi yetu ilikuwa chicha, yale makapi ya nazi iliyokwisha kukamuliwa tui. Kosa letu tulilijua siku ya mashindano: kuku wa mtaa mzima walitufuata mteremko wote wakidonoa magurudumu. Mama akasimama mlangoni, upawa mkononi.

"Chicha ya kuku wangu mwazipa mbao? Haya, na mbao ziwatagie mayai!"

Gari likivunjika hatukulia. Tuliunda jingine kabla ya adhuhuri. Vijana wa leo hushindana magari kwa dole gumba, wamelala kwenye kochi, na wakishindwa hulaumu mtandao.

Huenda ndiyo sababu, nilipofika chuo kikuu, nilijiunga na wanafunzi waliokuwa wakiunda gari la mashindano. Walinifanya dereva, si kwa ustadi bali kwa wembamba. Bomba linalopita juu ya mapaja ya dereva nililichomelea kwenye chesisi kwa mkono wangu. Mwaka jana nikasikia chesisi ile inauzwa kama chuma chakavu, nikaileta nyumbani Msambweni niifufue. Niliipiga msasa yote, isipokuwa kiungo changu, pale bomba liliposhikana na chesisi, nilichokiachia rangi yake ya zamani ili wageni wakione. Dada yangu Mwanasha amezisikia sifa za kiungo hicho hadi anaweza kunisimulia mimi.

Juzi nilijaribu kuketi ndani. Miguu iliingia. Tumbo lilikataa.

"Kaka," Mwanasha akasema, "gari halijapungua hilo."

Kioko, fundi wa kuchomelea niliyemwita kutoka Ukunda, akakuna kichwa. "Mzee, tukate hii bomba, niweke ingine juu kidogo. Ama upunguze chapati."

Chapati nilizifikiria kwa dakika nzima, nikaona haiwezekani. Lakini kukata ni kuharibu kazi pekee ya mikono yangu iliyosalia tangu ujana, na kutokata ni kubaki na gari la kutazama tu. Nikaenda kuswali adhuhuri, nikarudi bado sijaamua. Kioko alikuwa amekwisha kuvaa miwani.

"Kata," nikasema, nikageukia ukutani.

Grenda yake ya kukatia chuma ililia kidogo, ikanyamaza mapema mno. Bomba lilikuwa limeanguka lenyewe.

"Mzee, hii haikuwa imeshika," Kioko akasema, akikichungulia kiungo changu. "Ilikuwa imeshikwa na rangi."

Mwanasha alicheka hadi akakaa chini.

Basi msimu mzima wa ujana niliendesha kwa kasi yote nikilindwa na tabaka la rangi, na sikumbuki kuogopa hata siku moja. Sasa kiungo cha Kioko ni imara, tumbo limeingia, na kabla injini haijafungwa nimekwisha kumwuliza mara tatu mkanda wa kiti tutaufunga wapi.