Hakutubia Ugonjwa Wake

Jumanne tulimzika mama mmoja huko Machame, katika kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, karibu na banda la ng'ombe wake wawili. Kengele ya usharika haikupigwa, kwa kuwa mama huyu amekufa akiwa ametengwa na Meza ya Bwana kwa kosa la ulevi. Wasomaji wangu mmenizoea nikieleza mambo kwa upole. Leo nitaeleza vilevile, lakini upole nimeuacha kaburini.

Alikuwa akipika mbege, pombe ya ndizi, ya kuuza, na yeye mwenyewe hakuinywa. Asubuhi aliimba bila shida. Saa kumi, kwenye mazoezi ya kwaya, kope zilimwangukia, maneno yakatokea puani, na nguo zake zikanuka mbege. Wenzake wakamwita Pipa. Akaenda hospitali kutafuta ukweli. Ili awahi foleni alilala kwa dada yake huko Kiboriloni, karibu na hospitali, akamwona daktari mapema, akiwa amepumzika vizuri. Daktari alimkuta mzima, akanusa zile nguo, akaandika kwenye faili: "Hana ugonjwa. Anakunywa." Daktari huyo alikuwa pia mzee wa kanisa katika usharika wa mama huyo. Haukupita muda, jina la mama likasomwa mbele ya usharika.

Kwangu aliletwa alasiri na mwanafunzi wangu mmoja wa udaktari, jirani yake. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Mwalimu, ng'ombe wa kwanza namkamua vizuri. Wa pili ananionea huruma."

Nikamwomba ahesabu kwa sauti huku akitazama dari. Alipofika thelathini sauti ilikuwa puani. Arobaini, kope zilikuwa zimefumba. Nikawaeleza wanafunzi kwamba neva huamuru msuli kwa kumwaga kemikali kidogo, kama mfongo, mfereji wetu wa mlimani, unavyoleta maji shambani. Katika miasthenia, ndio ugonjwa wake, maji yapo, ila kinga ya mwili imeharibu milango ya kuyapokea. Mwanzoni yanayopenya yanatosha. Kazi ikiendelea, shamba linakauka. Mgonjwa akipumzika, nguvu zinarudi. Ndiyo maana asubuhi ile alionekana mzima.

Dawa zikamrudishia sauti. Akapeleka kwa wazee wa kanisa barua niliyomwandikia kuthibitisha ugonjwa wake. Yule daktari wa kwanza akajibu kwamba hakuna haja ya kusumbua watu. Mama asimame, atubu kama wengine, apokelewe kundini, yaishe.

"Nitubu nini, mwalimu?" aliniuliza. "Nimwombe Mungu msamaha kwa ajili ya kope?"

Alichotaka ni daktari asimame palepale jina lake liliposomwa, aseme alikosea. Alisubiri miaka mitatu. Mwezi huu alipata homa ya mapafu, misuli ya kupumua ikachoka, nasi tukashindwa kumwokoa.

Mazikoni daktari alininong'oneza kwamba ugonjwa ule ni nadra, yeyote angekosea. Ni kweli, nami nimewahi kukosea. Lakini yeye aliujua ukweli miaka mitatu, akanyamaza. Simtaji jina. Ila kwa ruhusa ya mama, ukurasa ule wa faili nauonyesha darasani kila mwaka. Jina la mgonjwa nimelifuta. Mwandiko nimeuacha, na wanafunzi wanaopita wodini kwa daktari huyo huutambua. Ameniomba mara mbili niuondoe.

Vijana wangu, mpimeni mgonjwa saa anayoumwa, si saa mliyozoea kufungua mlango. Na wewe mwenye mwandiko, ukurasa nitauondoa siku utakaposimama kanisani na kengele ya mama ikapigwa.